Glavu, zamu na siku 21: maswali ya wanaobaki kazini wakati wa mlipuko

Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Hadi ulipotangazwa kumalizika, tarehe 2 Juni, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Wawili kati ya waliougua walikuwa wahudumu wa afya, na mmoja wao hakupona. Januari 2025 ugonjwa ule ule ukazuka tena, safari hii Biharamulo. Kipindupindu nacho huja na kuondoka kila msimu.

Kila mlipuko ukitokea, barua za watu walio kazini huuliza kidogo sana kuhusu dalili. Huuliza nani anunue glavu, zamu inahesabiwaje, na nani atalipa mtu akiugua. Toleo hili ni la barua hizo. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara, isipokuwa jibu moja la Kenya. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, kwa hiyo wasomaji wa huko wasichukue tarakimu za hapa kama zilivyo.

Kampuni inasema hospitali, hospitali inasema kampuni

*Ninafanya usafi hospitalini, lakini mwajiri wangu ni kampuni iliyopewa tenda ya usafi. Kipindupindu kilipoingia tulipelekwa kambi ya wagonjwa tukiwa na glavu nyepesi za kupimia. Tukidai vifaa, kampuni inasema ni vya hospitali, na hospitali inatuambia tuulize kampuni. Mwisho wa mwezi nimekuta nimekatwa shilingi 12,000 za "vifaa". Nani mwenye wajibu? — Mfanya usafi, Mwanza*

Wote wawili wanahusika, ila anayewajibika kwako moja kwa moja ni kampuni. Ndiyo iliyokuajiri, ndiyo inayokulipa na kukupangia zamu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga bure. Hospitali nayo ndiyo yenye eneo, na haiwezi kumwacha mtu aingie penye hatari kwa hoja kwamba jina lake halimo kwenye orodha yake ya mishahara.

Wanaposukumiana hivyo, andikeni barua moja kwa kampuni, nakala kwa Mganga Mfawidhi. Wekeni sahihi za wote mlio zamu, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na aliyeipokea. Katika mlipuko msingoje wiki. Siku mbili zikipita kimya, ipelekeni ofisi ya kanda ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo ina mamlaka ya kuja kukagua.

Barua nyingi hukwama kwa sababu zinasema tu "tunaomba vifaa". Mwajiri huleta boksi moja la barakoa akasema amejibu. Tajeni kifaa, aina na idadi. Kwa msafishaji wa kambi ya kipindupindu: glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, jozi moja kwa kila mtu, zisipokezanwe kati ya zamu, aproni isiyopitisha maji, na mabuti ya mpira kwa namba ya mguu wa kila mmoja. Hilo la namba ya mguu mlitie mkazo. Mtu wa namba 5 akipewa buti namba 9 atalivua katikati ya kazi, au ataanguka kwenye sakafu yenye maji ya klorini. Anayechanganya klorini aongezewe miwani ya kinga na barakoa. Ingekuwa Marburg au Ebola, orodha ingekuwa ndefu zaidi: glavu mbili, nyepesi ndani na nene nje, vazi la mwili mzima au gauni lisilopitisha maji, aproni juu yake, barakoa isiyopenya maji, ngao ya uso au miwani, kifuniko cha kichwa, mabuti. Na pawe na mwenzako wa kukusimamia unapovua, kwa kuwa wengi hujichafua wakati wa kuvua. Miwani na barakoa huvuliwa karibu na mwisho, glavu za ndani mwisho kabisa, na mikono husafishwa kila hatua.

Mafunzo nayo ni sehemu ya haki, na kwenye klorini ndipo yanapokosekana zaidi. Kwa unga wa asilimia 65 hadi 70, vipimo vya kambi ya kipindupindu kwa kila lita 10 za maji ni hivi: gramu 7 kwa maji ya kunawa mikono (asilimia 0.05), gramu 30 kwa sakafu, vitanda na vyoo (asilimia 0.2), gramu 300 kwa matapishi, kinyesi na miili ya marehemu (asilimia 2). Ndoo tatu hizo ziandikwe kwa maandishi makubwa. Ikichanganyikiwa ya asilimia 2 na ya kunawia, mikono ya zamu nzima itababuka kabla ya jioni. Mwaga unga kwenye maji, usimwage maji kwenye unga. Fanyia kazi hiyo nje, upepo ukiwa mgongoni. Usichanganye na sabuni ya maji au dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Maji ya jana mwaga, klorini hupungua nguvu, hasa juani. Uchafu nao uondolewe kwanza kabla ya kupitisha klorini, la sivyo nguvu yake inaishia kwenye uchafu na sakafu inabaki na vimelea.

Sasa zile 12,000. Mshahara hukatwa kwa matakwa ya sheria, amri ya mahakama au tuzo ya msuluhishi, mkataba wa pamoja, au kwa ridhaa yako ya maandishi. Hata kama walikusainisha fomu, hawawezi kukuuzia kitu ambacho sheria inasema ni cha bure. Omba kurejeshewa kwa maandishi na uambatanishe nakala ya hati ya mshahara. Wakikataa, una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza kujaza fomu CMA F.1 katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Naweza kukataa kuingia wodini?

*Mimi ni muuguzi wa hospitali ya serikali. Mgonjwa anayeshukiwa homa ya kutoka damu aliletwa usiku, ngao za uso hakuna, aproni zimekwisha. Niliambiwa "uuguzi ni wito, ingia". Nikikataa si nitafukuzwa kazi? — Muuguzi, Kanda ya Ziwa*

Kukataa kuingia bila kinga kunatetewa. Kukataa kazi yenyewe hakutetewi, na maneno unayoyatumia usiku huo ndiyo yatakayoonyesha ulikataa kipi.

Anza na mstari usiopaswa kuvukwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Sura ya 366, inaorodhesha huduma muhimu ambazo watumishi wake hawagomi: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya pamoja na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano ya anga, na usafiri unaohitajika kuwezesha hizo. Mgogoro wenu unakwenda kwenye usuluhishi, usipopatana unakwenda kwenye uamuzi, bila kupitia mgomo. Kwa hiyo wauguzi kumi wakiondoka pamoja saa 4 usiku, mwajiri ataita mgomo, na atakuwa na mahali pa kushika.

Muuguzi mmoja anayebaki kituoni akiandika kwa nini hajaingia chumba kile ana kesi nyingine kabisa. Sheria hiyo hiyo inasema kuachishwa kazi si halali kama sababu ni kwamba mfanyakazi alikataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kisheria kumtaka alifanye, au alitumia haki aliyopewa na sheria, au alitoa taarifa ambayo sheria inamruhusu kuitoa. Kimataifa, Mkataba Na. 155 wa 1981 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, unamlinda aliyejiondoa penye hatari kubwa iliyo mbele yake, akiwa na sababu za msingi za kuamini hivyo. Tangu Juni 2022 usalama na afya kazini umo kati ya kanuni za msingi za ILO ambazo nchi wanachama wote wanapaswa kuziheshimu. Juni 2025 ILO ikaongeza Mkataba Na. 192, unaohusu hatari za vimelea kazini moja kwa moja.

Usiku wenyewe fanya hivi. Mwambie kiongozi wa zamu kwa mdomo, mbele ya mwenzako. Kisha andika kwenye kitabu cha makabidhiano cha wodi, kwa kalamu, mistari isiyozidi minne au mitano:

"Saa 4:20 usiku. Chumba cha kutengea wagonjwa hakina ngao za uso wala aproni zisizopitisha maji. Nimemjulisha kiongozi wa zamu saa 4:10, shahidi ni muuguzi mwenzangu wa zamu. Nimezungumza na mgonjwa kwa umbali, nimempa maji ya kunywa mlangoni na nimezuia wengine kuingia. Niko tayari kuingia mara vifaa vikifika, na sasa ninahudumia wodi ya jirani."

Mstari wa mwisho usiusahau hata kwa uchovu. Ndio unaokutofautisha na mtoro. Piga picha ukurasa huo, jina la mgonjwa lisionekane. Picha ya mgonjwa au ya jalada lake usipige kabisa, wala usipeleke suala kwenye kundi la WhatsApp, kwa kuwa hoja ya vifaa itageuzwa kuwa hoja ya kuvunja siri ya mgonjwa na utaanza kujitetea wewe. Asubuhi peleka nakala kwa Muuguzi Mfawidhi na kwa tawi la chama cha wafanyakazi, TUGHE au chama chenu kingine.

Kwa kuwa wewe ni mtumishi wa umma, ukiadhibiwa njia yako haianzii CMA. Unakata rufaa ndani ya utumishi kwanza, kwa mamlaka iliyo juu ya iliyokuadhibu na Tume ya Utumishi wa Umma, ndani ya siku 45. Wanaokwenda CMA moja kwa moja hurudishwa, na muda unakuwa umewatupa mkono.

Kuhusu "wito": neno hilo halimo kwenye sheria yoyote kati ya hizi.

Saa 72 za ziada, nimelipwa "posho ya shukrani"

*Niko maabara ya hospitali binafsi. Mshahara wangu wa msingi ni 585,000. Wakati wa mlipuko, katika wiki nne nimefanya saa 72 zaidi ya zile 45 za wiki, 20 kati ya hizo usiku, na sikukuu moja saa 9. Nimepewa 100,000 na kuambiwa "ni dharura, sheria ya saa haitumiki". — Mteknolojia wa maabara, Dodoma*

Nusu ya waliyokuambia ni kweli. Kwa kawaida saa za ziada hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne. Kazi ya dharura isiyoweza kufanyika ndani ya saa za kawaida inaondolewa kwenye ukomo huo, na pia kwenye masharti ya mapumziko: zile dakika 60 baada ya saa 5 za kazi mfululizo, na zile saa 12 kati ya zamu na zamu. Wanachokuficha ni kwamba kipengele cha malipo ya saa za ziada hakimo kwenye msamaha huo. Wanaweza kukuzidishia saa, malipo yake hawawezi kuyafuta.

Hesabu yako ni hii. Mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45: saa moja ni shilingi 3,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, 4,500. Saa 72 ni 324,000. Usiku, kwa sheria hii, ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa huongezwa asilimia 5. Saa hiyo ikiwa pia ya ziada, asilimia 5 inahesabiwa juu ya 4,500, yaani 225. Mara 20 ni 4,500. Sikukuu ya kitaifa ni mara mbili: saa 9 kwa 6,000 ni 54,000. Jumla ni 382,500 kwa ziada na sikukuu, kabla ya kuhesabu zamu za kawaida za usiku, ambazo nazo zina 150 kwa kila saa. Hakikisha tu zile saa 9 za sikukuu hazimo tena ndani ya 72. Wengi huzihesabu mara mbili, na mwajiri akigundua kosa moja hudai orodha yote ni ya uongo.

Orodha yenyewe itoke kwenye kitu ambacho hukukitengeneza wewe: rosta iliyobandikwa, daftari la kuingia na kutoka, au muda unaochapwa na mashine kwenye majibu ya vipimo. Hiki cha mwisho ni hazina ya watu wa maabara na karibu hakuna anayekikumbuka. Kila jibu lina saa na alama ya aliyelitoa.

Na dharura haiwezi kuwa ya miezi mitano. Wiki mbili za mwanzo, hakuna aliyejua wagonjwa wangapi watakuja, hapo sawa. Mwezi wa tatu, rosta ikipangwa wiki moja kabla na bado ina saa 70 za ziada, kwa maoni yetu hiyo ni hospitali iliyoamua kutoajiri, na ukomo wa saa 50 unarudi.

Siku 21 zimekatwa kwenye likizo yangu

*Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa. Nilimbeba mgonjwa aliyethibitika baadaye kuwa na Marburg, nikawekwa karantini siku 21. Sikuugua. Niliporudi nikaambiwa siku hizo zimetolewa kwenye likizo yangu ya mwaka ya siku 28. — Dereva, Kagera*

Kaka, usisaini fomu ya likizo waliyoiandaa baada ya wewe kurudi. Sheria inakataza kumtaka mtu achukue likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Ungeugua, hapo ingekuwa likizo ya ugonjwa moja kwa moja: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari.

Wewe hukuugua, na hapo ndipo waajiri wanapopenya. Jibu lako ni kwamba ulizuiwa kufika kazini na mamlaka ya afya, kwa sababu ya kazi waliyokutuma wao. Wewe hukuomba kupumzika. Ili hoja hiyo isimame unahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya yenye tarehe ya kuingia na kutoka karantini, na ikitajwa kuwa ulikutana na mgonjwa ukiwa kazini, bora zaidi. Ya pili ni kitabu cha safari za gari, ukurasa wenye safari ile. Watu hutoka karantini wakiwa na hamu ya nyumbani wakasahau kuomba barua, na miezi miwili baadaye aliyewaweka ameshahamishwa kituo. Iombe siku ile ile ya kuruhusiwa.

Nilichomwa na sindano

*Nilichomwa na sindano nikikusanya taka wakati wa pilikapilika za mlipuko. Nilinawa nikaendelea. Nikiugua baada ya miezi, WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) watanilipa? — Mhudumu, Morogoro*

Watakuuliza ulikuwa na hali gani siku ulipochomwa, na kama huna jibu la maandishi dai lako limeanza kuchechemea. Ndiyo maana kipimo cha siku ya kwanza kina thamani kubwa kisheria, hata kikiwa hasi. Tena hasa kikiwa hasi. VVU na homa ya ini B na C vipimwe siku hiyo. Ukija kuwa na maambukizi baadaye, tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayosema yalitoka wapi.

Kwa mwili wako: nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda. Dawa kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72, nayo humezwa siku 28. Kama saa hizo hazijapita unaposoma hapa, acha gazeti uende. Chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu kwa mwezi 0, 1 na 6, ulipaswa kupewa kabla hujashika taka. Idai sasa, wewe na wenzako. Na boksi la sindano hufungwa likijaa robo tatu. Lililofurika ndilo linalochoma watu wakati wa kubeba.

Kwa fidia: toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi siku ile ile. Mwajiri anapaswa kuitaarifu WCF ndani ya siku 7 tangu kupata habari ya ajali. Dai lenyewe lisipite miezi 12. Mwajiri akisuasua, nenda ofisi ya WCF mwenyewe na nakala ya taarifa yako yenye sahihi ya kupokelewa. Mfuko hugharamia matibabu, na ukishindwa kufanya kazi kwa muda hulipa asilimia 70 ya mapato yako ya mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu, gharama za mazishi na malipo ya wategemezi vina utaratibu wake. Mchango wa Mfuko, asilimia 0.5 ya mishahara, ni wa mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa "WCF" kwenye hati ya mshahara, umeibiwa.

Nina mimba ya miezi saba

*Nimepangwa usiku kwenye chumba cha kutengea wagonjwa. — Muuguzi, Tanga*

Mwajiri haruhusiwi kukupanga usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari. Na kazi yenye hatari kwako au kwa mtoto haruhusiwi kukupa hata mchana, muda wote wa mimba na wa kunyonyesha. Peleka leo cheti kinachotaja tarehe ya kujifungua, uombe kazi mbadala kwa mshahara ule ule: kupanga dawa, simu za ufuatiliaji, takwimu.

Dereva wa lori, Mombasa

*Nilipatwa na mpox nikiwa safarini, nikalazwa. Tajiri anasema si ajali ya kazi na hana siku za kunilipa. — Dereva, Mombasa*

Mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, aliyetangazwa 31 Julai 2024, aligunduliwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta, kwa hiyo hatari ya barabara ile haikuwa siri kwa tajiri yeyote.

Kwanza siku zako. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu kila mwaka, ukiwa na cheti. Ni chache, tunakubali. Tazama kama mkataba wa pamoja wa chama chenu unatoa zaidi.

Pili fidia. WIBA, sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, inahusu pia ugonjwa uliotokana na kazi, na inamlazimu mwajiri kuwa na bima. Mwajiri huripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu ajulishwe, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Asipofanya, nenda mwenyewe ofisi ya kaunti ya DOSHS, idara ya Mkurugenzi huyo. Ugumu wako ni kuonyesha kwamba uliambukizwa kazini, maana mpox hupatikana pia nje ya kazi. Kusanya rekodi za safari, mihuri ya mipakani, jina la mahali ulipolazimishwa kulala kusubiri, na tarehe ya dalili ya kwanza kama alivyoiandika daktari. Madai haya huanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo mwaka 2019.

Ukirudi kazini, jua pia kwamba sheria ya usalama kazini ya Kenya inamkataza mwajiri kukurudisha mahali ulipoparipoti kuwa na hatari kubwa kabla hajairekebisha.

Mimi ni "mtu wa kujitolea"

*Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wakati wa mlipuko nilifuatilia waliokutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba, siku sita kwa wiki kwa miezi minne, kwa posho. Nilipodai vifaa na malipo ya usiku niliambiwa sisi si wafanyakazi. — Bukoba*

Jina waliloliandika kwenye fomu si la mwisho. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kipengele ambacho wengi hawakijui: mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata alama moja kati ya kadhaa. Mojawapo ni kumfanyia mtu kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kupangiwa namna na saa za kazi, kupewa vitendea kazi na huyo huyo, au kumtegemea kwa riziki. Siku sita kwa wiki kwa miezi minne zinavuka mbali kiwango hicho.

Lakini tuwe wakweli, kesi kama hizi hushindwa kwa kukosa karatasi. Posho ilitolewa mkononi, orodha ya mahudhurio ikabaki kwa mratibu. Tafuta fomu za ufuatiliaji ulizojaza, zile zenye joto la mwili la kila siku kwa siku 21 kwa kila mtu. Kila fomu ina tarehe na jina lako kama mjazaji. Meseji za mratibu za kukupangia kaya usizifute, na malipo ya simu omba taarifa yake kwa mtandao wako. Jueni pia ni nani hasa aliyewaajiri, halmashauri au shirika lililofadhili, kwa sababu fomu ya CMA inataka jina kamili la unayemlalamikia, na ukikosea jina utaanza upya.

Nimechelewa

*Niliachishwa kazi kwa kulalamikia barakoa. Miezi miwili imepita, nilikuwa nasubiri meneja aliyeniahidi kunirudisha. — Mlinzi wa hospitali, Dar es Salaam*

Kwa kuachishwa kazi muda ni siku 30, na umepita. Mlango haujafungwa kabisa: pamoja na CMA F.1, wasilisha maombi ya kuongezewa muda na kiapo. Tume itapima umechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, kama dai lako lina mashiko, na upande wa pili utaumia vipi. Ahadi ya mdomo ya meneja ni sababu dhaifu. Meseji zake za "vuta subira, nitakupigia" zikiwa na tarehe zina nguvu zaidi, ziambatanishe zote. Eleza kila wiki ulikuwa unafanya nini, kwa kuwa pengo la siku kumi lisiloelezwa ndilo wakili wa mwajiri atakalolikalia. Nenda kesho asubuhi, kuwasilisha hakuna ada.